Practice makes perfect, makes a man perfect au makes permanent: uandike ipi?

Usemi wa Kiingereza kuhusu mazoezi ambao karibu kila mwanafunzi wa lugha hiyo ameusikia una maneno matatu tu, na bado huwatatiza wengi wakati wa kuuandika. Mmoja huandika "practice makes perfect" kisha akabaki na wasiwasi kwamba sentensi imekatika njiani. Mwingine huongeza mtu katikati, "practice makes a man perfect", naye akaambiwa kwamba Waingereza hawasemi hivyo. Wa tatu amemsikia mwalimu wa muziki akisema "practice makes permanent" na hajui kama mwalimu aliteleza ulimi au alikusudia. Kuna na "perfect practice makes perfect", inayopendwa na makocha. Na juu ya zote nne limekaa swali la herufi moja: c au s?

Zote nne zinatumika, na zinatumiwa na watu wanaojua wanachosema. Shida ni kwamba zinafanana umbo huku zikisema mambo tofauti, kwa hiyo anayechagua kwa kubahatisha anaweza kuandika Kiingereza safi kisichosema alichotaka kusema. Nitazipima kwa mambo manne: tahajia, sarufi, maana, na mahali zinapokubalika. Naanza na tahajia kwa sababu inazihusu zote sawasawa, na kwa sababu ni hapo tu ambapo kuna jibu moja.

Tahajia

Katika Kiingereza cha Uingereza, "practice" yenye c ni nomino na "practise" yenye s ni kitenzi. Mtu huandika "I need more practice", lakini "I practise every evening". Marekani hawana mgawanyo huo: c hutumika kwa nomino na kwa kitenzi pia. Sasa tazama usemi wenyewe. Neno hilo limekaa mwanzoni, kwenye nafasi ya kiima. Ndilo linalofanya kazi ya "makes". Ni nomino. Kwa hiyo c ni sahihi London na ni sahihi Chicago, na "practise makes perfect" haina pa kusimama popote. Hakuna haja ya kumuuliza mwalimu au mhariri wako anafuata tahajia ya nchi gani.

Sikio halitakusaidia hapa, maana maneno hayo mawili hutamkwa sawa kabisa. Linalosaidia ni kuazima jozi nyingine inayofuata kanuni ileile lakini inayosikika tofauti: "advice" na "advise". Ya kwanza huishia kwa sauti ya s, ya pili kwa sauti ya z. Weka jozi hiyo mahali pa neno linalokusumbua, useme sentensi kwa sauti. "I need more advice" inakubali, basi andika c. "I advise every evening" inakubali kwa sauti ya z, basi Mwingereza ataandika s. "Advice makes perfect" haina maana kubwa, lakini ulimi unakwenda wenyewe kwenye nomino, na hilo ndilo ulilotaka kujua.

Jambo jingine dogo: neno hilo halivai kitu chochote katika usemi huu. Hakuna "the" mbele wala s ya wingi nyuma. "A practice" ni ofisi au kliniki ya daktari, au ofisi ya wanasheria. "Practices" ni desturi au taratibu za kufanya mambo. Ukiandika "the practice makes perfect", msomaji anasimama kutafuta ni "practice" gani unayoizungumzia. "Practising makes perfect" haina kosa la sarufi, ila msomaji atahisi kwamba ulikuwa unautafuta usemi fulani na hukuufikia.

Sarufi

Hapa ndipo wasiwasi mwingi unapoanzia, na una msingi. Katika Kiswahili, ukisema mazoezi "hufanya kamili", msikilizaji atauliza: humfanya nani? Kitenzi kinadai mtendwa, na sisi tumezoea kumtaja ndani ya kitenzi chenyewe: hu-m-fanya. Kiingereza cha kawaida nacho kinadai vivyo hivyo. Husemi "music makes happy"; unasema "music makes me happy". Kwa hiyo mwanafunzi anayeona "practice makes perfect" ina pengo anaona sawasawa. Pengo lipo. Anayefanywa kuwa "perfect" hakutajwa.

Linaruhusiwa kwa sababu usemi ni wa zamani na umeganda. Hapo zamani Waingereza walikuwa na umbo la "use makes perfect", ambapo "use" ilikuwa na maana ya kukitumia au kukizoea kitu. Baadaye "practice" ikachukua nafasi ya "use", lakini mkia wa sentensi haukuguswa. Wajerumani husema "Übung macht den Meister" na Wahispania "la práctica hace al maestro", kwamba mazoezi humfanya fundi bingwa, na lugha zote mbili zina nomino kamili mwishoni. Kiingereza kilibaki na kivumishi kinachoning'inia. Mzungumzaji wa lugha hiyo halioni pengo tena kwa sababu amelisikia tangu utotoni. Usijaribu tu kulihamishia kwenye sentensi zako mwenyewe: "exercise makes healthy" itaonekana kosa, kwa sababu ruhusa ilitolewa kwa usemi huu na si kwa umbo lake.

Kuna mtego mwingine hapo jirani. Kiingereza kina semi fupi zinazofanana na huu, kama "haste makes waste" na "might makes right". Ndani yake "waste" na "right" ni nomino, vitu vinavyozalishwa. Mwanafunzi makini akiziona anahitimisha kwamba "perfect" nayo inapaswa kuwa nomino, kisha anairekebisha iwe "practice makes perfection". Sarufi yake inasimama, hata kuliko ya usemi wenyewe. Lakini msikilizaji atadhani ulikosea usemi wake, na katika semi zilizoganda hilo ni kosa zito kuliko kosa la sarufi. Kwenye matamshi nako "perfect" ni kivumishi, mkazo ukiwa silabi ya kwanza, PER-fect. Ukiupeleka mkazo silabi ya pili unalifanya kitenzi, na hapo sentensi inaonekana kusubiri neno jingine.

"Practice makes a man perfect" inaliziba pengo. Mtendwa ametajwa, kivumishi kimepata wa kumsifu, na sarufi yake haina doa lolote. Umbo hili linasikika sana India, na mahali pengi ambako Kiingereza hufundishwa kwa sarufi ya vitabu. Wanaolikataa kwamba ni kosa wanalionea. Kiingereza chenyewe kina ndugu yake wa zamani, "manners maketh man" (adabu ndiyo humfanya mtu), kaulimbiu aliyoiacha askofu William wa Wykeham, mwanzilishi wa New College kule Oxford mwaka 1379 na Winchester College mwaka 1382. Taasisi hizo zinaitumia hadi leo. Kwa msomaji wa Uingereza au Marekani, umbo lenye "a man" linaonekana la kigeni tu, tena lina udhaifu mmoja wa kweli: "a man" kwa maana ya binadamu yeyote limechakaa, na wasomaji wengi sasa wanalisikia kama linawaacha wanawake nje. "Makes you perfect" au "makes a person perfect" inalitatua hilo.

"Practice makes permanent" imejengwa juu ya pengo lilelile, ila aliyefichwa si yuleyule. Katika "perfect" unaweza kumrudisha mtu ndani ya sentensi bila kuiharibu. Jaribu kwenye "permanent": "practice makes a man permanent". Inakuwa upuuzi. Kinachodumishwa hapa si mtu, ni kile anachokirudia, yaani mazoea, mkao wa mkono, namna ya kutamka. Wachache huliona hilo, lakini ndilo linaloamua usemi gani unafaa wapi.

"Perfect practice makes perfect" haina tatizo jipya. "Perfect" ya kwanza inasifu "practice", ya pili inakaa palepale ilipokuwa. Ukitamka, mkazo wa sauti uwe juu ya "perfect" ya kwanza, maana hapo ndipo hoja ilipo.

Maana

Usemi wa maneno matatu, ukiusoma kama mkataba, unaahidi kwamba ukirudia vya kutosha utakamilika. Hakuna anayeutumia hivyo. Hutumika kumtia moyo anayeanza, kujibu sifa kwa unyenyekevu (mtu anakusifu kwa kucheza vizuri, nawe unajibu hivyo kwa tabasamu), na kueleza kwa nini jambo linarudiwa. Ni neno la kumshika mtu bega. Kwa kazi hiyo hauhitaji kuwa sahihi kisayansi.

Lakini ukiutumia kama hoja, hasa katika insha, lazima ujue unasimama juu ya nini. Mwaka 1993 mwanasaikolojia K. Anders Ericsson na wenzake wawili walichapisha utafiti uliowahusu wapiga fidla wa chuo cha muziki mjini Berlin. Waliokuwa bora zaidi walikuwa wamekusanya saa nyingi zaidi za kujifua peke yao kuliko wengine. Watu wengi walibaki na hesabu ya saa tu. Ericsson mwenyewe alisisitiza aina ya mazoezi: yale yanayolenga udhaifu fulani, yenye mtu au njia ya kukuonyesha ulipokosea, na yanayochosha kwa sababu hayakuachi ukae kwenye unachokijua tayari. Mwaka 2014 Brooke Macnamara, David Hambrick na Frederick Oswald walikusanya tafiti nyingi za aina hiyo na kupima mazoezi ya makusudi yanaeleza sehemu gani ya tofauti za uwezo baina ya watu. Walipata takriban asilimia 26 katika michezo kama sataranji, 21 katika muziki, 18 katika riadha na michezo ya viungo, na 4 tu katika masomo. Hizo si namba za kumfanya mtu aache mazoezi. Zinasema tu kwamba neno "perfect" limebebeshwa mzigo mkubwa kuliko uwezo wake.

"Makes a man perfect" inaahidi jambo lilelile na kuongeza kidogo. "Practice makes perfect" inaacha bila kusema kinachokamilika ni nini, kazi au mtu, na msikilizaji hujaza kilicho mbele yake: kipande cha muziki, hesabu, penalti. Ukimtaja mtu, unasema mtu mzima anakamilika. Ahadi hiyo ni nzito. Inakaa vizuri katika maandishi yanayozungumzia tabia, nidhamu na malezi, kuliko yanayozungumzia namna ya kupiga chapa kwa kasi.

"Practice makes permanent" haiahidi lolote jema. Inaonya. Ukirudia kosa, kosa litakaa. Anayejifunza gitaa na kubonyeza nyuzi kwa kidole kisichofaa atakuwa hodari wa kubonyeza kwa kidole hicho, na siku wimbo utakapohitaji vidole vyote atalazimika kuanza kwa kubomoa. Aliyezoea kutamka "comfortable" kwa silabi nne zilizo wazi ataendelea hivyo hata baada ya kuelezwa, kwa sababu ulimi haufuati maelezo, unafuata ulichorudia. Naupenda usemi huu, lakini nao umetia chumvi. Mazoea mabaya hubadilika, kwa jasho zaidi. Na ukimwambia hivyo mtu ambaye tayari ameogopa makosa, anaweza kuona heri asijaribu kabisa.

"Perfect practice makes perfect" inaingia katikati: inakubali kwamba ukamilifu unafikika, lakini inaubana kwa sharti la ubora. Huhusishwa na Vince Lombardi, kocha wa Marekani aliyeiongoza Green Bay Packers, timu ya futiboli ya Kimarekani, kushinda Super Bowl (fainali ya ubingwa wa mchezo huo) mbili za kwanza, akiwa anakanusha kwanza kwamba mazoezi peke yake yanatosha. Kwa timu ambayo tayari inajua mchezo, kauli hiyo ina nguvu: ukilegea mazoezini utalegea uwanjani. Kwa anayeanza ni mzigo. Mazoezi yake hayawezi kuwa kamili, ndiyo maana anafanya mazoezi. Tena utafiti wa Ericsson hausemi mazoezi yasiwe na makosa. Unasema makosa yaonekane na yashughulikiwe, na hilo ni jambo tofauti kabisa.

Siku hizi kuna pia "practice makes progress", inayopendwa na walimu wa watoto wadogo. Imetungwa kumwondolea mtoto mzigo wa neno "perfect", na nia hiyo ni njema. Kwa kawaida anayefanya "progress" katika Kiingereza ni mtu au kazi, si mazoezi, kwa hiyo sentensi imepinda kidogo. Bado inaeleweka, na katika darasa la watoto hakuna atakayeipinga.

Mahali zinapokubalika

Katika mazungumzo, umbo la maneno matatu halihitaji utangulizi. Linajitegemea, na hubaki katika wakati uleule: hata ukizungumzia mafanikio ya mwaka jana, unasema "well, practice makes perfect". "Practice made perfect" inasikika kama mchezo wa maneno, na inafaa pale tu unapokusudia huo mchezo, kama kwenye kichwa cha habari.

Katika maandishi rasmi, umbo hilo lina ugonjwa wa semi zote maarufu: msomaji amelisoma mara nyingi mno. Insha inayofunguliwa nalo, ikaishia kukubaliana nalo, haimpi msomaji jipya. Inayolifungua na kulihoji ina pa kwenda, na Kiingereza kinaruhusu kulivunja wazi: "practice may not make perfect, but it does make you faster". Ukitaka kulitaja bila kulibeba mwenyewe, tanguliza "as the saying goes" au "they say". Katika barua ya kuomba kazi ningeliacha kabisa. Mwajiri anataka kusikia ulichokifanyia mazoezi na matokeo yake.

"Makes a man perfect" inapita vizuri mahali ambapo wasomaji wako wenyewe wanaitumia. "Makes permanent" inahitaji msikilizaji anayejua usemi wa awali, maana nguvu yake inatokana na kuusahihisha. Kwa asiyeujua itakuwa sentensi yenye kasoro. "Perfect practice" inafaa kwa sauti ya mtu mwenye mamlaka, kocha au kiongozi wa kwaya. Ikitoka kwa mwenzako wa rika inaweza kusikika kama lawama.

Kwa hali yako

Kama unajiandaa kwa mtihani wa Kiingereza wa Uingereza au Marekani na unahitaji usemi mmoja usio na hatari, andika "practice makes perfect", kwa c, bila kiambata chochote, na usiuongezee mtu hata kama nafsi yako inaona pengo. Kama mtahini au mwalimu wako amezoea "a man" na hukupewa sababu ya kuliacha, hukosei ukiliandika. Ila "a person" litakulinda kwa wasomaji wengi zaidi.

Kama unamtia moyo mtu aliyeanguka jana, angalia wakati. Usemi wenye "perfect" ukitolewa mapema mno huonekana kupuuza maumivu yake, na unamkumbusha umbali uliobaki. Hapo "practice makes progress" ni laini zaidi, au usitumie usemi wowote, umuulize tu sehemu gani ilimshinda.

Kama unafundisha ufundi ambao kosa la mwanzo huchukua muda mrefu kung'oka, iwe ni ala ya muziki, kuogelea au matamshi, "practice makes permanent" inasema ukweli unaouhitaji. Itoe pamoja na maelekezo ya namna ya kupunguza kasi na kurekebisha, isije ikabaki tishio tupu. Kama unaongoza watu walioiva na ubora wao umeanza kulegea, "perfect practice makes perfect" ni yako.

Kama unatafsiri kwenda Kiswahili, usibebe pengo la Kiingereza pamoja na maneno yake. "Mazoezi humfanya mtu awe stadi" inafaa kwa mbili za kwanza. Kwa "permanent", sema wazi kwamba ukirudialo ndilo litakalokukaa, kwa sababu "mazoezi hudumisha" itasomeka kama sifa njema ya mazoezi, na onyo litapotea.

Na kama maandishi yako yatasomwa pande zote mbili za Atlantiki, usemi wenyewe hautakuletea shida, lakini sentensi zinazoufuata zinaweza. Mara tu utakapokuja kwenye kitenzi itabidi uchague: "practise" na "practising" kwa tahajia ya Uingereza, au "practice" na "practicing" kwa ya Marekani. Amua kabla hujaanza, kisha ukimaliza pitia andiko lote ukitafuta neno hilo peke yake, maana programu ya kukagua tahajia mara nyingi huziacha zote mbili zipite.